Mkasi wa Kupogolea Mibuni

Sikuja kusema habari za bei ya kahawa, maana hizo mmekwisha kuzisikia mpaka masikio yamechoka. Nataka kuwaeleza habari za chombo kidogo kinachotiwa mfukoni, nacho ni mkasi wa kupogolea. Labda mtu atauliza, "Mkasi nao una habari gani hata watu wazima wakusanywe?" Habari unazo, tena nzito, kwa sababu mkasi mmoja mchafu waweza kuingiza kifo katika shamba lililopandwa na babu.

Wengi wetu tumezoea kupogoa kwa panga. Panga ni chombo chema kwa kazi yake, yaani kufyeka na kukata kuni. Lakini likipiga tawi la mbuni hupasua ganda kupita mahali palipokusudiwa, na kidonda cha namna hiyo hakifungi upesi. Mkasi mzuri hukata mara moja, na mahali palipokatwa huwa laini kama palipopigwa randa. Chombo hiki kilianza kutumiwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, na watunza mizabibu wa kule, waliozoea visu vyao vilivyopinda, hawakukipokea wote kwa furaha. Basi tusione ajabu wazee wetu wakishika mapanga yao.

Ukienda dukani utakuta mikasi ya namna mbili. Namna ya kwanza ina ubapa mmoja wenye makali, unaopita kando ya ubapa mwingine butu uliopinda, kama mkasi wa fundi cherehani. Namna ya pili ina ubapa wenye makali unaoshuka juu ya kibamba cha chuma, kama kisu juu ya ubao wa kukatia nyama. Hii ya pili hufaa kwa matawi makavu, lakini tawi bichi huliponda. Kwa mibuni nunua ile ya kwanza. Tena uangalie mahali pa kiungo: kama pamefungwa kwa bolti na nati, mkasi waweza kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa ubapa mpya, kama pamepigwa ribiti, siku utakapolegea ndiyo siku ya kuutupa. Kiwanda cha FELCO cha Uswisi, kilichoanzishwa mwaka 1945, kimepata sifa kwa sababu hiyo hasa, kwamba sehemu za mikasi yake hubadilishwa moja moja. Ni mikasi ya bei kubwa, na mipini yake ni mikundu. Lakini mjue kuwa rangi nyekundu hupakwa na mtu yeyote, wala si ushahidi wa ubora. Ufunge mkasi, uuinue kwenye mwanga: ukiona nafasi kati ya bapa mbili, urudishe.

Neno jingine la ununuzi. Mara nyingi anayenunua ni baba, na anayepogoa ni mama au kijana. Baba huchagua mkasi mkubwa kwa kuwa waonekana wa nguvu, kisha mkono wa mama hauwezi kuuzunguka, na kufika saa nne asubuhi vidole vimevimba. Anayepogoa aende dukani mwenyewe aushike. Na kwa watumiao mkono wa kushoto, iko mikasi iliyotengenezwa kwa ajili yao. Walimu wanaotunza bustani za shule wasiwalazimishe watoto hao mkono wa kuume.

Katika kukata, ubapa wenye makali uelekee shina linalobaki, na ule butu uelekee tawi linalotupwa. Ukifanya kinyume utaponda kinachobaki, na utaacha kijiti kitakachokauka na kuoza. Tawi liingie ndani karibu na kiungo, si kwenye ncha. Tawi lililopita unene wa dole gumba liachie msumeno. Wala usiuzungushe mkasi kama mtu afunguaye chupa, maana kufanya hivyo hupinda bapa.

Juu ya kunoa, tazameni makali ya ubapa: yamechongwa upande mmoja tu, kama patasi ya seremala. Upande huo ndio unaonolewa, kwa kinoo au tupa laini, ukifuata mchongo ule ule wa kiwandani, na kusukuma kuelekea makali kwa njia moja bila kurudi nyuma. Upande wa bapa usinolewe. Pitisha kinoo kikiwa kimelala kabisa, mara moja au mbili, ili kuondoa vichembe vilivyojikunja. Ubapa ule butu uache kama ulivyo. Niliwahi kuona mkasi ulionolewa pande zote kwa bidii nyingi. Bapa zake zilikuwa hazikutani tena, ukatafuna majani kama mbuzi. Kisha tia tone la mafuta ya cherehani katika kiungo. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa kuwa hugeuka gundi.

Sasa nafikia jambo lililonileta. Mwaka 1927, katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, ulionekana ugonjwa wa mibuni unaoletwa na kuvu, ambao sisi twauita mnyauko fuzari. Mwaka 1993 ulionekana Uganda, ukaua mamilioni ya mibuni ya Robusta. Na mwaka 1997 ukajulikana hapa kwetu Kagera. Majani hunyauka na kuanguka, matawi hukauka, na ukikwangua ganda la shina utaona michirizi ya buluu inayokaribia weusi. Mti ulioingiwa hauna dawa. Hung'olewa na kuchomwa pale pale uliposimama, bila kuburutwa kupita katikati ya mingine. Na mlango wa ugonjwa huu ni kidonda: jembe lililogusa shina, panga, na mkasi uliotoka katika mti mgonjwa.

Hapa ndipo desturi yetu nzuri inapogeuka hatari. Mkasi mmoja huazimwa nyumba kumi. Kumnyima jirani ni aibu, nami siwaambii mnyime; lakini mkasi usipite mpaka wa shamba ukiwa na utomvu wa shamba jingine. Kwanza sugua uchafu kwa maji na sabuni, kwa sababu dawa haipenyi chini ya utomvu uliokauka. Kisha futa bapa zote mbili, na kiungo chake, kwa spiriti. Wengine hutumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, nayo huua vimelea, lakini hula chuma. Aitumiaye na ausuuze mkasi, aukaushe, autie mafuta siku ile ile. Moto uacheni kwa panga. Panga hustahimili kupitishwa motoni, na kwa mnyauko wa migomba, ulioonekana Uganda mwaka 2001, njia hiyo imesaidia wengi. Lakini ubapa wa mkasi ukipata moto mkali, feleji hulegea na makali hayakai tena.

Na ndani ya shamba lako mwenyewe, ukiwa na mti unaoushuku, usiuguse kwa mkasi mpaka umemwita bwana shamba. Pogoa ile mizima kwanza.

Ninashauri hivi kwa vikundi vyenye mkasi wa shirika: chupa ndogo ya spiriti na kitambaa vifungwe pamoja na mkasi katika mfuko mmoja, na mfuko huo ukabidhiwe mtu mmoja mwenye daftari. Anayeazima aandikwe jina na siku. Anaporudisha, mkasi ufunguliwe mbele yake, utazamwe kwenye kiungo ambako utomvu hujificha, na ukionekana mchafu ausafishe pale pale kabla ya jina la mwingine kuandikwa. Spiriti ikiisha, mkasi usitoke mpaka nyingine inunuliwe.