Motisha ya Daktari wa Meno Ihesabiwe kwa Kipimo Gani?

Hotuba ya Daktari wa Kinywa na Meno wa Wilaya katika mkutano wa hadhara wa kata



Limeletwa pendekezo kwamba motisha ya watumishi wa kliniki ya meno ifungamanishwe na kazi wanayoifanya. Kabla sijaendelea, nakiri kwamba mimi ni mmoja wa watakaolipwa. Nisikilizeni mkilijua hilo.

Silipingi pendekezo. Hofu yangu ni kile kitakachohesabiwa. Jino bovu mara nyingi hung'olewa kwa dakika chache. Kulisafisha na kuliziba huchukua muda mrefu zaidi, tena huhitaji dawa za kuzibia, ambazo mara nyingine hatunazo. Tukihesabu idadi ya wagonjwa wa siku, koleo litashinda. Kijana wa miaka 20 atarudi nyumbani bila gego ambalo lingemtumikia hadi uzeeni, na takwimu zetu zitapendeza.

Jambo hili limekwisha kutokea kwingine. Huko England, mwezi Aprili 2006, madaktari wa meno wa huduma ya umma walianza kulipwa kwa alama. Uchunguzi ulipewa alama 1, kuziba au kung'oa alama 3, na kazi za maabara, kama meno ya bandia, alama 12. Aliyeziba jino moja alipata alama 3. Aliyeziba matano, tena akatibu na mzizi, alipata zilezile 3. Mwaka 2008 Kamati ya Afya ya Bunge ilieleza kuwa matibabu ya mizizi yalikuwa yamepungua na ung'oaji umeongezeka. Mgonjwa mwenye meno mengi mabovu, yaani anayemhitaji daktari kuliko wote, aligeuka kuwa hasara. Ni Novemba 2022 tu ndipo alama zilipopandishwa: 5 kwa mwenye meno matatu au zaidi ya kuziba au kung'oa, na 7 kwa matibabu ya mzizi wa gego. Siamini kwamba madaktari wale walikuwa watu wabaya. Walifuata hesabu waliyowekewa.

Naomba basi mshahara ubaki kuwa msingi, na motisha ilitazame jino lenyewe: lililozibwa, je, baada ya mwaka mmoja bado limo kinywani, bila maumivu? Rejesta yetu yaweza kulijibu swali hilo iwapo mgonjwa ataitwa arudi. Kipimo hiki nacho kina mtego wake, kwani daktari anaweza kulikwepa jino gumu asije akaharibu hesabu yake, au akaziba lililopaswa kung'olewa. Ndiyo maana napendekeza baadhi ya wagonjwa wakaguliwe na daktari wa wilaya nyingine, wala si mimi. Na mwezi ambao dawa za kuzibia zimekosekana usihesabiwe.

Rasimu ya vigezo itabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji na zahanati. Maoni yapelekwe kwa Mtendaji wa Kata kabla Kamati ya Elimu, Afya na Maji haijakaa. Aliyewahi kung'olewa jino katika kliniki yetu bila kuelezwa kwamba lingeweza kuzibwa, naomba aliandike na hilo. Nitalisoma mwenyewe.