Neno "Zawadi" Katika Karatasi za Forodha

(Mhadhara uliotolewa Kibaha, Maili Moja, baada ya swala ya Magharibi, na kurejewa Kisarawe mjini kwa maombi ya waumini)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baada ya haya, ndugu zetu Waislamu, kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani huanza kutufikia habari za mizigo. Ndugu aliyeko Muscat ametuma tende na majuba. Dada aliyeko London amepakia cherehani na kiti cha magurudumu cha mama. Wahisani wameahidi mazulia na misahafu kwa msikiti fulani. Haya ni mambo ya heri, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kupeana zawadi kwa kuwa huzaa mapenzi. Tunalotaka kulizungumza leo si zawadi yenyewe. Ni lile neno "zawadi" linapoandikwa kwenye karatasi ya forodha, na yale yanayofichwa nyuma yake.

Tuanze na lililo wazi, kwani wengi tunalikosea. Watu wanadhani kwamba mzigo ukiandikwa zawadi, ushuru unaondoka. Sivyo. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania, Kenya, Uganda na wenzao, huutazama mzigo na thamani yake, haitazami mapenzi ya aliyeutuma. Zawadi haina bei ya mauzo, basi ofisa hutafuta bei ya bidhaa iliyo sawa nayo au inayofanana nayo, kisha huongeza nauli na bima hadi bandarini. Hapo ndipo ushuru unapohesabiwa, kwa daraja la bidhaa: sifuri, asilimia 10, 25, na tangu Julai 2022 liko pia daraja la asilimia 35. Tukichukua mzigo wa thamani ya shilingi 2,000,000 ulio katika daraja la 25, ushuru ni 500,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haitozwi juu ya zile milioni mbili peke yake, bali juu ya milioni mbili na nusu, nayo ni 450,000. Jumla 950,000, kabla ya tozo ndogondogo, malipo ya wakala na gharama za hifadhi. Karibu nusu ya mzigo! Mtu ambaye hakulijua hili kabla hupatwa na mshituko, na katika mshituko huo ndipo Shetani humjia na shauri.

Shauri lenyewe mnalijua. Andika thamani robo. Andika "nguo zilizovaliwa" na ndani zimo mpya. Andika jina la msikiti.

Wapo wenzetu wanaolitafutia shauri hili dalili. Husema: Mtume (s.a.w.) amewalaani wala mukusi, na ushuru ni mukusi, basi kuukwepa kwa njia yoyote ni halali. Hoja hii tumeisikia hata kwa vijana waliosoma, kwa hiyo haistahili kujibiwa kwa kejeli.

Ni kweli kwamba mukusi ni dhambi kubwa. Katika Sahih Muslim imo habari ya mwanamke wa Ghamid aliyetubia zina, na Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba toba yake lau angeitubia mla mukusi angesamehewa. Hilo latosha kuonesha ukubwa wake. Lakini mukusi uliokuwa ukijulikana ni mali iliyochukuliwa njiani na sokoni kwa mabavu, ikaingia mfukoni mwa mwenye nguvu. Hapa kwetu pwani, zama za Seyyid Said, forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa mfanyabiashara, Jairam Shivji, akamlipa Sultani kiasi walichokubaliana na kilichozidi kikawa chake. Mwenye kutaka kuitafakari maana ya mukusi ana mahali pa kuanzia hapo.

Kwa upande wa pili, Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) ndiye aliyeweka watoza ushuru wa biashara njiani, baada ya Abu Musa al-Ash'ari kumwandikia kuwa wafanyabiashara Waislamu wanatozwa sehemu ya kumi wanapoingia nchi za wengine. Akaamrisha wageni wale watozwe kama wanavyotoza, ahli dhimma nusu ya hiyo, na Waislamu dirhamu moja katika kila arubaini, kuanzia dirhamu 200. Imamu Ghazali na Imamu Shatibi nao walijadili hali ambayo hazina ya dola haitoshelezi haja za watu, wakakubali kiongozi kuwawekea wenye uwezo kiasi cha kukidhi haja hiyo, kwa sharti la uadilifu. Kwa hiyo kusema kwamba kila kinachotozwa bandarini ni mukusi ni kukata maneno bila ya kupima. Wagonjwa wetu wanalazwa Tumbi, na si sadaka za Ijumaa zinazoiendesha hospitali ile.

Na hata tukimkubalia msemaji wetu kwamba kiasi kinachotozwa leo kimezidi, na sisi tunaona kwa baadhi ya bidhaa kimezidi kweli, bado hajajinasua. Dhuluma ya mwingine haimhalalishii yeye kusema uongo kwa maandishi, kumpa ofisa rushwa, wala kumtia hatiani wakala aliyetia sahihi kwa kumwamini. Katika Suratul Baqara aya ya 188 Allah (s.w.) ametukataza kula mali kwa batili na kuipeleka kwa mahakimu kama chambo. Katika mwanzo wa Suratul Maida ametuamrisha kutimiza mikataba, na tamko la forodha ni mkataba: mwenye kutia sahihi anathibitisha kwamba aliyoyaandika ni kweli. Sheria nayo, katika kifungu cha 203, imeweka kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 kwa tamko la uongo.

Ndugu zetu, tusiwasimange wengine tukajiacha. Tuliporejea kutoka masomoni tulileta makasha ya vitabu, na vitabu havina ushuru. Mwenzetu mmoja alituomba tumpakilie manukato na mabaibui baina ya vitabu, ya kuuza. Tuliandika "vitabu vya dini". Hakuna aliyefungua. Tulifika nyumbani tukimshukuru Allah kwa wepesi! Ilichukua miaka miwili, tukiwa tunawafundisha watoto Suratul Mutaffifin, habari ya wanaopunja vipimo, mtoto mmoja akatuuliza kama mwenye kupunja maandishi naye yumo. Tulikwenda ofisi ya kodi tukaeleza. Ofisa alitutazama kwanza kama mtu aliyepotea njia, kisha akatukokotolea sehemu yetu tukailipa. Mwenzetu mpaka leo anasema tulijitia wazimu.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuuandae mhadhara huu. Kijiji kimoja cha wilaya ya Kisarawe kina msikiti ambao sakafu yake ni saruji iliyopasuka. Mfanyabiashara mmoja, naye ni mtu wa safu ya mbele, aliijia kamati na ombi: aagize kontena la vigae kwa barua na mhuri wa msikiti, ili aombewe msamaha wa kodi, na kwa malipo ya wema huo atatandika vigae msikiti mzima bure. Vigae vilivyobaki vitakwenda dukani kwake Kibaha. Kamati iligawanyika, wakatuita. Mzee mmoja alituambia, "Sheikh, kina mama wanasujudu juu ya vumbi, na wewe unatusomea sheria za Serikali?"

Neno lile lilituuma, na hatukuwa na jibu la haraka. Tulichowaambia ni kwamba Allah ni mwema na hapokei ila kilicho chema, kama ilivyo katika hadithi ya Abu Huraira aliyoipokea Muslim, na sakafu hiyo ingekuwa imelipwa kwa uongo uliogongwa mhuri wa nyumba ya Allah. Kisha tukawaeleza la kidunia: bidhaa iliyosamehewa kodi kwa matumizi maalumu, ikibadilishwa matumizi, kodi yake hudaiwa. Na atakayedaiwa ni mwenye jina kwenye hati, yaani msikiti.

Liko na la tatu, ambalo vijana wengi hawalikumbuki. Mwezi wa Juni 2009, katika bajeti iliyosomwa na Waziri wa Fedha wakati huo, Mustafa Mkulo, Serikali ilitaka kuifuta misamaha mingi ya kodi ya taasisi za dini, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba inatumiwa vibaya. Waislamu na Wakristo walipiga kelele pamoja, Serikali ikarudi nyuma. Hoja ile haikufutika. Kila mhuri unaokodishwa unaitia nguvu, na siku mlango utakapofungwa watakaokosa ni mayatima waliokuwa wakiletewa mablanketi.

Kamati ilikataa kwa kura nne dhidi ya tatu. Mmoja wa wale watatu hajarudi kwenye vikao. Na tumesikia kwamba mhuri ulipatikana kwa msikiti mwingine.

Asidhani mtu kwamba nia njema pekee hufungua lango. Mwaka 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliletewa na Watanzania waishio Marekani makontena 20 ya meza na viti kwa ajili ya ofisi za walimu. Mamlaka ya Mapato ilidai kodi ya takriban shilingi bilioni 1.2, makontena yakapelekwa mnadani, na mwishoni mwa Agosti mwaka huo Rais John Magufuli akasema hadharani kwamba kodi ilipwe. Ikiwa kwa mkuu wa mkoa mambo yalikuwa hivyo, kamati ya msikiti wa Mzenga au Mlandizi isitegemee kwamba neno "sadaka" ubavuni mwa kasha litatosha. Msamaha huombwa kwa barua, mzigo ukiwa haujapanda meli. Kuwe na barua ya mtoaji inayosema ni zawadi na kwa nani, orodha kamili ya vilivyomo, na hati ya usajili wa taasisi. Na ombi huweza kukataliwa, hivyo fedha ya ushuru ichangishwe pamoja na nauli. Sheria inataka mzigo utolewe tamko ndani ya siku 21 tangu kuanza kushushwa, na gharama za hifadhi hazisubiri kikao cha kamati. Tangu bandari kavu ya Kwala izinduliwe rasmi Julai 2025, makontena yamesogea hadi ndani ya wilaya ya Kibaha, lakini sheria ni ileile.

Kwa wanaochangia kontena moja na watu wengine, tahadhari yenu iwe kubwa zaidi. Kitu kimoja kilichofichwa huwazuilia wote, na mzigo wa mjane aliyeandika kweli hukaa ukilipiwa hifadhi kwa sababu ya simu za mtu asiyemjua.

Haya yote hayawaondolei lawama wanaokaa upande wa pili wa meza. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, akarudi akisema hiki chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari, akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angeletewa zawadi hiyo. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim. Ofisa Muislamu anayesikiliza, na tunajua wapo miongoni mwenu, "chai" unayopewa ni hiyo.

Imeelezwa katika Kitabul Kharaj cha Abu Yusuf kwamba Mkristo wa Bani Taghlib alipita na farasi wake kwa Ziyad bin Hudayr, mtoza ushuru wa Umar (r.a.). Farasi akathaminishwa 20,000, naye akatozwa 1,000. Aliporejea mwaka uleule akadaiwa tena. Akasafiri hadi Makka kumshitakia Umar, ambaye hakumjibu zaidi ya kwamba ametoshelezewa. Akarudi amekata tamaa, ameazimia kulipa, akakuta barua ya Umar imemtangulia: aliyelipa mara moja asidaiwe tena hadi mwaka upinduke. Anayetozwa isivyo haki kwetu naye ana haki ya kupinga makadirio kwa maandishi. Tumewasaidia wawili, mmoja akapunguziwa.

Kamati zenye mzigo ulio njiani kabla ya Ramadhani zilete karatasi zao Maili Moja Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, na za Kisarawe Jumapili wakati huohuo. Tutazisoma pamoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.