Mali Bila Daftari: Galari, Msanii na Banda la Maonyesho



Desemba 2019, huko Miami Beach, Marekani, galari moja ya Chicago ilifungua banda lake katika maonyesho ya Art Basel. Mwenye galari ni Mariane Ibrahim, mwanamke mwenye asili ya Kisomali aliyeanza biashara hiyo Seattle mwaka 2012. Banda zima alilitoa kwa mchoraji mmoja, Amoako Boafo wa Ghana, ambaye sura na ngozi za watu wake huzipaka rangi ya mafuta kwa vidole. Picha zote zilipata wanunuzi. Haikupita hata miezi mitatu, Februari 2020, picha nyingine ya Boafo, The Lemon Bathing Suit, ikapelekwa mnadani London katika kampuni ya Phillips. Makadirio yalikuwa pauni 30,000 hadi 50,000. Nyundo ilipogongwa na ada kujumlishwa, bei ilifika pauni 675,000.

Nimeyaweka matukio haya mawili mbele yenu kwa sababu magazeti hupenda lile la pili. Mnada una kelele, una tarakimu. Mimi leo nitalitetea lile la kwanza. Nadai kwamba banda lile la Miami lilimfaa msanii kuliko mnada ule wa London. Nadai pia kwamba sisi wa Afrika Mashariki tumekuwa na wasanii wa kutosha kwa muda mrefu. Kilichotupungukia ni watu na asasi za kushika daftari lao. Wahenga walikwishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Banda hupatikanaje?

Maonyesho ya biashara ya sanaa ya kisasa si ya kale. Mwaka 1967, wafanyabiashara wawili wa sanaa, Hein Stünke na Rudolf Zwirner, walikusanya galari 18 mjini Cologne. Ujerumani Magharibi haikuwa na mji mmoja uliotawala biashara hiyo kama Paris ilivyotawala Ufaransa. Wanunuzi walitawanyika, na wauzaji vilevile. Dawa ilikuwa kukutana mahali pamoja kwa siku chache. Mwaka 1970 wenzao wa Basel, Uswisi, wakafanya ya kwao, galari 90 kutoka nchi 10, na watu zaidi ya 16,000 wakaingia. Frieze ilianza London mwaka 2003. Mwaka 2013, Touria El Glaoui, binti wa mchoraji wa Morocco Hassan El Glaoui, akaanzisha 1-54 mjini humo, maonyesho mahususi kwa sanaa ya Afrika na ya watu wenye asili ya Afrika. Hufanyika Somerset House, jengo ambalo kwa zaidi ya miaka 100 lilihifadhi kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo vya Waingereza.

Wengi wetu tukisikia maonyesho ya biashara tunafikiria Sabasaba. Pale mwenye bidhaa akilipa ada hupata banda. Art Basel haiko hivyo. Galari huomba nafasi, na maombi yake husomwa na kamati ya wenye galari wengine, yaani washindani wake. Wanauliza: nyumbani kwako umefanya maonyesho gani? Unawasimamia wasanii gani, na tangu lini? Safari hii utaleta kazi zipi, na kwa nini hizo? Mwenye fedha asiye na majibu hubaki nje.

Aliyekubaliwa hulipia banda kwa mita ya mraba, auze asiuze. Juu ya hapo kuna masanduku ya mbao, ndege, bima, forodha, taa, mafundi wa kutundika, nauli na malazi. Aprili 2018 David Zwirner, mwana wa yule Rudolf wa Cologne na mmoja wa wenye galari wakubwa duniani, alisema hadharani mjini Berlin kwamba wakubwa wako tayari kulipa zaidi ili wadogo wapumue. Mwaka huohuo Art Basel ilitangaza kwamba kuanzia 2019 banda dogo litalipiwa kiwango cha chini kwa kila mita kuliko banda kubwa. Unafuu upo, lakini mzigo haujaondoka.

Sasa tupige hesabu. Mgawo uliozoeleka kati ya msanii na galari ni nusu kwa nusu. Tuseme galari ya Kampala imeuza picha kwa dola 10,000. Msanii anachukua 5,000. Galari inabaki na 5,000, na katika hizo inatoa gharama zote nilizozitaja, pamoja na pango na mishahara ya nyumbani. Picha zikirudi na masanduku yake, msanii hajapoteza ila muda. Galari imepoteza fedha taslimu. Kwa hiyo anayesema galari hunyonya kwa kuchukua nusu, namuomba kwanza aulize nani alilipia ndege.

Ndani ya banda

Tuingie ndani tuone kazi yenyewe. Siku ya kwanza wanaingia walioalikwa tu: wakusanyaji wakubwa, wajumbe wa bodi za makumbusho, washauri wa wanunuzi. Ukutani kando ya picha pana jina la msanii, mwaka, vipimo na vifaa. Bei mara nyingi haipo. Orodha ya bei anayo mtu aliyekaa mezani. Baadhi ya kazi zimeshawekewa oda, maana picha zake zilitumwa kwa barua pepe kabla masanduku hayajafunguliwa.

Anakuja mnunuzi, anasimama, anauliza maswali yanayojirudia banda hadi banda. Msanii ana umri gani? Amesoma wapi? Yuko kwenye makumbusho gani? Nani ameandika juu yake? Picha hii ilishaonyeshwa wapi? Mtu wa mezani anafungua faili. Mle mna kila kazi ya msanii huyo iliyowahi kupita mikononi mwao, nani alinunua, lini, kwa kiasi gani, na ripoti ya hali yake: mkwaruzo kona ya chini kushoto, fremu iliyobadilishwa. Mnunuzi anadhani ananunua picha. Bei anayotajiwa, kwa sehemu kubwa, inatoka ndani ya faili lile.

Kisha linakuja jambo linalowashangaza wageni wa biashara hii: galari inaweza kukataa fedha. Watu watatu wakiitaka picha moja, jumba la makumbusho hupewa kwanza, tena kwa punguzo. Mkusanyaji anayejulikana kwa kutunza hufuata. Asiyejulikana huambiwa asubiri. Wengine huwekeana ahadi kwamba mnunuzi akitaka kuuza baadaye ataanza kuiuliza galari. Ahadi hiyo si rahisi kuitetea mahakamani, lakini atakayeivunja ajue safari nyingine hatauziwa.

Hapa ndipo tunarudi kwa Boafo. Bei ikiruka mara kumi na zaidi kwa mchana mmoja, anayefaidi ni aliyeuza na kampuni ya mnada. Wenye picha nyingine hupata tamaa, wakamiminika sokoni nazo. Makumbusho ya bajeti ndogo hujitoa. Na siku picha inayofuata ikikosa mnunuzi, habari hiyo hubaki mtandaoni kwa jina la msanii. Jina la mlanguzi halionekani popote. Bei iliyopanda polepole, banda baada ya banda, ina watu nyuma yake; ile ya mnada siku ile ilihitaji washindani wawili tu.

Gome, hadibodi na Oysterbay

Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984. Hachori juu ya turubai. Huchora juu ya lubugo, gome la mti wa mutuba ambalo mafundi wa Buganda hulitwanga kwa nyundo za mbao hadi liwe kitambaa cha rangi nyekundu ya udongo, chenye matundu na mishono. Gome hilo alikutana nalo kwenye soko la vinyago vya watalii mjini Nairobi. Novemba 2019 picha yake ya mwaka 2015, The Conservationists, iliyokadiriwa dola 50,000 hadi 70,000, iliuzwa na Sotheby's, New York, kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Kipaji chake sikibishi. Lakini nyuma yake ilikuwepo galari, White Cube ya London, iliyokuwa imetunza kumbukumbu ya kazi zake. Naye mwaka 2020 akaanzisha Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi isiyo ya biashara, ili historia ya sanaa ya eneo hili iwe na pa kukaa.

Mkumbuke sasa Edward Saidi Tingatinga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi, akiuza Oysterbay, hapahapa Dar es Salaam, kwa wageni waliopita. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa takriban miaka minne tu, na jina lake likawa jina la mtindo mzima unaolisha familia nyingi mpaka leo. Lakini nani aliandika alichora picha ngapi, alimuuzia nani, kwa bei gani? Hakuna. Ndiyo maana wataalamu hubishana ipi ni ya mkono wake na ipi ya wafuasi, na za kughushi hupita katikati ya ubishi huo. Watoto wa mchoraji hawawezi kudai chochote kwenye picha ambayo hakuna ajuaye iko wapi.

Hata sheria inayompa msanii dai huhitaji daftari. Haki ya msanii kupata sehemu ya fedha kazi yake inapouzwa tena inatumika Uingereza tangu 2006, na Kenya iliiingiza kwenye sheria ya hakimiliki mwaka 2019. Ni haki nzuri, lakini huanza na swali la karani: kazi ipi, imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani? Pasipo rekodi sheria hiyo ni pambo.

Wapo wanaoshika daftari hilo kwetu. Daudi Karungi alianzisha Afriart Gallery mjini Kampala mwaka 2002. Circle Art ya Nairobi, chini ya Danda Jaroljmek, ilianza mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki mwaka 2013. Dar tunayo Nafasi Art Space, kituo cha studio na mafunzo. Galari ya kumsindikiza msanii wa Kitanzania miaka kumi, kutoka maonyesho ya kwanza mpaka banda la kimataifa, bado ni adimu.

Yatupasayo

Nimesikia hoja kwamba zama za galari zimekwisha, kwamba kijana mwenye simu anauza mwenyewe. Auze, na fedha zake zote azichukue. Ila akaunti ikifungwa au simu ikiibwa, historia yake imekwenda nayo. Nimesikia pia kwamba zipo galari zinazochelewesha malipo na kuficha majina ya wanunuzi. Ni kweli zipo. Tiba yake ni mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoielewa msanii, wenye tarehe ya malipo, pamoja na nakala ya rekodi mikononi mwa msanii mwenyewe.

Kwa chuo hiki kilichotukutanisha nina maombi matatu. Mwanafunzi wa sanaa asihitimu kabla hajawasilisha orodha ya kazi zake zote, yenye picha, vipimo na mahali zilipo. Afundishwe kuiandika kama anavyofundishwa kuchanganya rangi. Maktaba ianzishe hifadhi ya nyaraka za wachoraji na wachongaji, ikianza na wazee walio hai, wakati bado wanaweza kuulizwa. Na kila mwaka chuo kinunue kazi, hata moja, kwa bei halali, kwa risiti, ili mwenye galari atakapoulizwa Miami au London msanii huyu yuko kwenye mkusanyo gani wa umma nchini kwake, awe na jibu. Ombi la tatu lina gharama. Mawili ya kwanza yanaweza kuanza muhula huu.