Panga za Kale na Namna ya Kujua Umri Wake



Misafara iliyotoka Unguja katika karne ya 19 kwenda Tabora, Ujiji na Manyema ilichukua bunduki, na ilichukua panga pia. Upanga wa namna hiyo ukionekana leo nyumbani kwa warithi, mwenyewe husema ni wa babu, na mchuuzi wa vitu vya kale husema ni wa Isfahan. Wote wawili hutegemea maandishi yaliyo juu ya chuma. Maandishi ni shahidi, walakini ni shahidi wa kuhojiwa.

Mathalan jina la Asadullah wa Isfahan. Yeye hutajwa kuwa mhunzi wa zama za Shah Abbas, aliyefariki mwaka 1629. Lakini jina hilo limo juu ya vitara vingi mno, na vingine vina tarehe za zaidi ya miaka mia baada ya mfalme huyo. Hapana mhunzi aliyeishi hivyo! Jina liligeuka kuwa sifa ya chuma kizuri, na wengi wakalichora.

Tarehe nayo yataka hadhari. Anayeona 1200 ya Hijra akaongeza 622 hupata 1822, kumbe mwaka ule ulianza 1785 ukaisha 1786, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi na moja. Na katika tarakimu za Kiarabu duara ni tano, nukta ndiyo sifuri. Aliyepita chuoni alijua hayo utotoni, mchuuzi huyakosea.

Upanga wa Omani ulionyooka, wenye kipini kirefu cha mviringo kisicho na chuma cha kukinga mkono, mara nyingi una bapa la Ulaya, hasa la Solingen, Ujerumani. Pengine huonekana mbwa mwitu mdogo amechorwa: ni alama ya wahunzi wa Passau, ambayo wa Solingen waliichukua. Basi bapa laweza kuwa la zamani sana kuliko kipini na ala, kwani ngozi huoza na fedha hufuliwa upya. Kila sehemu na ihesabiwe umri wake peke yake.

Kitara cha jenerali wa Kiingereza, tangu 1831, kimeigwa kwa Mamluki, na wengi hukidhania cha Misri. Herufi VR chini ya taji ni za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901.

Hasara kubwa hufanywa kwa mapenzi: upanga husuguliwa kwa msasa ili ung'ae siku ya arusi. Chuma bora cha Kihindi na Kiajemi kina michirizi kama mawimbi ya maji, na ufundi wake wa kale ulikwisha kupotea katika karne ya 19. Msasa huifuta michirizi hiyo pamoja na nukta za tarehe, na upanga wa thamani huuzwa kwa bei ya fedha ya kipini chake. Kitambaa laini na mafuta kidogo chatosha.