Adabu ya Kuomba Kubadilishana Viungo vya Tovuti kwa Barua Pepe

Mada kwa semina ya wenye tovuti za utalii na nyumba za wageni

Utangulizi



Tangu Larry Page na Sergey Brin waanzishe Google mwaka 1998, kiungo kinachotoka tovuti nyingine kimehesabiwa kama kura. Haikuchukua muda watu wakaanza kupeana kura hizo kiholela. Aprili 2012 Google ikatoa sasisho lililoitwa Penguin, na tovuti nyingi zilizojirundikia viungo vya hila zikaporomoka katika matokeo ya utafutaji. Hadi leo masharti ya Google yanakataza kubadilishana viungo kupita kiasi. Kwa hiyo unayemwandikia ana haki ya kusita. Hoja yangu ni kwamba ombi la heshima huanza na faida ya wasomaji wa tovuti yake, ndipo ije yako.

Barua inayokera

Wengi wenu mmeshapokea barua ya namna hii: “Habari Admin, nimeipenda sana tovuti yako. Nimeshaweka kiungo chako kwangu. Weka changu ndani ya siku saba, la sivyo nitakiondoa.” Mwandishi hakutafuta jina, hakutaja ukurasa hata mmoja aliousoma, kisha anadai deni ambalo mwenzake hakukopa.

Barua inayosomeka

Tuchukue mwenye nyumba ya wageni mjini Moshi. Baada ya salamu na jina la anayemwandikia, aseme: “Ukurasa wako umeeleza vizuri kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ila haujagusia usafiri wa kutoka Moshi hadi langoni. Sisi tumeuandikia, na anwani ya ukurasa ni hii hapa. Ukiona unawafaa wasomaji wako, tutashukuru ukiuunganisha. Nasi tungependa wageni wetu wausome wako. Usipoona inafaa, hakuna neno.”

Mwomba chumvi huombea chungu chake, na mpokeaji analijua hilo. Hakuna haja ya kuficha kwamba nawe unanufaika.

Mambo ya kuzingatia

1. Kichwa cha barua kiseme jambo lenyewe. Kuanza na “Re:” ilhali hamjawahi kuandikiana ni udanganyifu.
2. Andikia mtu mmoja mmoja, wala usiambatishe mafaili.
3. Weka jina lako kamili, biashara yako na mahali ilipo. Ukiwaandikia Wamarekani, kumbuka sheria yao ya CAN-SPAM ya mwaka 2003: barua pepe ya kibiashara iwe na anwani ya posta na njia ya kukataa kuandikiwa tena.
4. Kumbusha mara moja tu, baada ya wiki moja au mbili. Akinyamaza, amekujibu.
5. Akitaka malipo, hilo ni tangazo. Google inataka kiungo cha kulipiwa kiwekewe alama ya “sponsored” au “nofollow”, usimwombe aiondoe.

Hitimisho

Napendekeza kila mshiriki ajiulize kabla ya kutuma: je, ningemwonyesha mtu huyu ukurasa huu hata kama hana kiungo cha kunirudishia? Jibu likiwa hapana, kazi ianzie kwenye ukurasa wenyewe, barua isubiri.