Kichaa cha Mbwa: Tusiruke Mwaka

(Maneno yaliyosemwa kwenye semina ya vikundi vya kujisaidia)

Leo sikuja na habari za mikopo wala za kuku. Nimeombwa niseme juu ya kichaa cha mbwa, nami sitawachelewesha, najua wengine mmetoka mbali.

Ugonjwa huu si mgeni. Hapa Kenya ulithibitishwa kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi mwaka 1912. Zaidi ya miaka mia moja! Na bado kuna nyumba ambako mtoto akiumwa na mbwa hupakwa pilipili au mafuta ya taa, halafu anaambiwa akacheze. Kidonda kinapona, watu wanasahau. Miezi miwili mitatu baadaye mtoto anaanza kuogopa maji, na hapo hata daktari hana la kufanya.

Basi shikeni hili. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kamili, si kumwagia tu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Wazee bado wanaogopa zile sindano nyingi za tumboni. Hizo zimepitwa na wakati, siku hizi mtu huchomwa mkononi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikubali hata ratiba ya juma moja: siku ya kufika, baada ya siku 3, na baada ya siku 7. Si kila hospitali inaitumia, kwa hiyo fuateni tarehe mlizoandikiwa wala msiache katikati. Nauli na bei ya dawa zinaumiza, nimeona watu wakiuza mbuzi. Ndiyo maana naomba kila kikundi kitenge akiba ya dharura kama hii, ikopeshwe bila riba.

Lakini kinachoumaliza ugonjwa ni kuchanja mbwa. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Serikali yetu ilitoa mpango mwaka 2014 wa kuumaliza kufikia mwaka 2030.

Mtaniuliza, inawezekana kweli? Tazameni kisiwa cha Pemba, hapo kwa jirani zetu Tanzania. Walichanja mbwa kisiwa kizima, mwaka baada ya mwaka, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ukawa umekwisha. Halafu chanjo ikalegea. Si hata sisi tungefanya hivyo, kama hatuoni mgonjwa? Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingizwa tena kutoka nje, mara mbili, ukakuta mbwa hawana kinga. Ikabidi waanze upya kuchanja kisiwa kizima, ukaisha Oktoba 2018. Na Pemba wamezungukwa na bahari. Sisi mbwa wanatoka lokesheni hii kwenda ile bila kuuliza mtu.

Tena mbwa wa vijijini hawaishi sana. Wale mliochanja mwaka juzi, wangapi wako hai? Wamezaliwa wengine, na hao hawana kinga. Siku ya chanjo leteni mpaka watoto wa mbwa na majike yenye mimba. Watu wengi huwaacha nyumbani wakidhani watadhurika, kumbe hawadhuriki.

Kazi ya kikundi ni hii: katibu aandike mbwa wote wa kijiji, nyumba kwa nyumba, na mwenye kuchanjwa awekewe alama. Muulizeni afisa wa mifugo tarehe mapema, mkatangaze shuleni, maana mara nyingi watoto ndio wanaowashika hao mbwa. Kila mbwa na kamba yake, tafadhali. Mwaka ukipita bila tarehe kutangazwa, msinyamaze, mwenyekiti aende ofisini akaulize.

Mzee mmoja ameniuliza juu ya mbwa aliyeuma, kama auawe. Kama anaweza kufungwa bila hatari, mfungeni mumwangalie siku 10, na afisa wa mifugo aarifiwe. Akibadilika au akifa, mwili usizikwe kabla afisa hajafika, wala usishikwe kwa mikono mitupu. Lakini aliyeumwa asingoje hizo siku 10. Yeye aende hospitali leo.