Kipimo cha Tano

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze habari ya pembe. Najua wengine watasema, "Aa, pembe ni mambo ya watoto wa shule." Sivyo. Pembe ni mali. Inaweza kukupa chumba, inaweza kukunyang'anya.

Tuanze na kiberiti. Toa kile kisanduku cha ndani chenye njiti, ubaki na ganda la nje. Litazame upande ulio wazi. Lina pande nne na pembe nne zilizosimama sawasawa. Sasa libonyeze pembe ya juu, lilale kidogo. Je, pande zimepungua? Hazikupungua hata moja. Lakini hebu jaribu kurudisha kisanduku ndani. Hakiingii! Nafasi imepungua. Ukizidi kubonyeza, nafasi inakwisha kabisa.

Basi, kujua urefu wa pande nne hakutoshi kujua ukubwa wa kitu.

Sasa twende kiwanjani. Huku pembezoni mwa Dar es Salaam mipango ya kupima viwanja imekuwapo. Miaka ya 1970 vilipimwa viwanja Sinza na Kijitonyama. Mwaka 2002 ukaanza mradi wa viwanja 20,000, uliofika Bunju upande wa Kinondoni na Tuangoma upande wa Temeke. Hata hivyo, watu wengi walinunua kipande cha shamba la mtu kabla mpima ardhi hajafika. Mpaka ni mnazi, au mstari wa minyaa, au njia ya miguu. Dalali anasema:

"Mama, hiki ni ishirini kwa ishirini, wala usiwe na wasiwasi."

Mama aliyesoma ajibu hivi: "Haya mwanangu, tupime."

Kwanza, msipime kwa hatua. Hatua ya sentimita 80 ikihesabiwa kuwa mita moja, hatua 20 ni mita 16 tu. Mtu anadhani amenunua mita za mraba 400, kumbe ana 256. Tumieni tepu.

Pili, mkimaliza pande nne msikunje tepu. Pimeni kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, kukatiza katikati. Kisha pimeni pembe mbili zilizobaki vilevile. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kilichosimama sawasawa kitatoa mita 28 na sentimita 28 njia zote mbili.

Sasa chukueni kiwanja kingine. Pande zake zote nne ni mita 20, lakini kimelala kama lile ganda la kiberiti. Mnapima pembe kwa pembe: njia moja ni mita 32, nyingine ni mita 24. Pande zote nne zikiwa sawa, zidisha namba hizo mbili, kisha gawa kwa mbili. 32 mara 24 ni 768. Nusu yake ni 384. Zimepotea mita za mraba 16. Hicho ni chumba cha mita 4 kwa 4! Watoto wangelala humo, au ungekipangisha. Umekilipia, lakini hakipo.

Huenda muuzaji si mwizi. Mpaka umefuata njia ya miguu, naye hajui. Ndiyo maana mpime pamoja, mbele ya mashahidi, kabla fedha haijatoka mkononi.

Mkitaka kukagua pembe moja tu, fanyeni kama wafanyavyo waashi wakianza msingi. Toka kwenye pembe mita 3 upande mmoja, weka mambo. Toka mita 4 upande wa pili, weka mambo. Kati ya mambo hizo mbili pawe na mita 5 kamili. Pakizidi, pembe imefunguka. Pakipungua, imejifunga.

Na kama kiwanja kina pande zisizolingana? Kipimo cha pembe kwa pembe kinakigawa kuwa pembetatu mbili. Pembetatu haisukumiki. Tazameni kenchi za paa: fundi huweka mbao za pembetatu ili upepo usizilaze. Kwa hiyo vipimo vinne vinaacha kiwanja kilegee, cha tano kinakikaza.

Mkiandikiana karatasi ya mauziano mbele ya serikali ya mtaa, chora kiwanja na uandike pande zote nne pamoja na kipimo cha pembe kwa pembe. Karatasi hiyo si hati ya ardhi, wala tepu yetu haichukui kazi ya mpima ardhi. Lakini siku jirani akisogeza minyaa, au watoto wakigawana urithi, mtakuwa na namba za kusimamia.

Ndugu zangu, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wazima walishika kalamu ili wasisomewe barua na wengine. Nasi tusikubali kupimiwa ardhi na wengine huku tumekunja mikono. Anayenunua ashike ncha moja ya tepu.

Zoezi: Kiwanja kina pande nne za mita 10 kila mmoja. Pembe kwa pembe ni mita 16 na mita 12. Kina mita za mraba ngapi? Zimepungua ngapi? Jadilianeni na wenzenu nyumbani.